Sofa ya Kijani na Mtu wa Bei Moja

Jumamosi ile, kufikia saa nne asubuhi, Punguza alikuwa ameshafuta vumbi kwenye meza ile ile mara tatu, amelihamisha kabati kutoka mlangoni kwenda ukutani na kulirudisha mlangoni, na amemfukuza mteja. Mteja mwenyewe hakuwa na kosa. Aliuliza bei ya kiti cha kuzunguka, akaambiwa, akasema sawa, akatia mkono mfukoni. Punguza akamwambia kiti hakiuzwi. Mtu anayekubali bei ya kwanza ama ni mgonjwa ama ana lake jambo, na asubuhi hiyo hakuwa na subira ya kuchunguza ni lipi.

Nyuma ya duka, upande wa pili wa ukuta wa mbao, Fundi alikuwa akifungua meza yake ya kazi. Kila skrubu iliyotoka aliitupa ndani ya kopo la rangi lililokauka, nayo ikalia. Punguza alikuwa akizisikia moja moja. Akianza kufikiria jambo lingine, skrubu inalia. Akiketi, inalia. Akasimama tena kwenda kufuta ile meza.

Punguza si jina alilopewa na wazazi. Alilipata sokoni, mnadani, kwenye nyua za watu wanaohama, kila mahali ambapo mtu alikuwa na kiti kuukuu na yeye akawa na nusu saa. Aliwahi kuolewa, ndoa ya miaka miwili, akatoka nayo kabati la milango miwili na kikohozi. Kikohozi kilipona. Kabati aliliuza, akanunua mawili mabovu, akayapiga msasa na vanishi kwa mikono yake, akayauza, na tangu hapo hajawahi kuajiriwa wala kumwomba mtu kitu. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita na duka la fanicha zilizotumika lenye milango miwili mikubwa ya mbele, na watu walikuja kutoka mbali kununua kwake huku wakimlaani.

Shule yake ya biashara ilikuwa fupi. Ukikiona kitu unachokitaka, usikitazame. Tazama ndoo iliyo karibu nacho, uliza bei ya ndoo. Mwenye kitu akikwambia bei, cheka kidogo, ondoka, lakini ondoka polepole, maana mtu anayekwenda mbio haitwi. Hujafika mlango wa tatu utasikia, mama, hebu rudi tuzungumze. Kwa elimu hiyo alikuwa amejenga nyumba.

Fundi alikuja miaka tisa iliyopita na begi la zana, akaomba chumba cha nyuma. Kazi yake ilikuwa makochi: kubadilisha sponji, kukaza springi, kuvalisha kitambaa kipya hata mwenye kochi asilijue lake. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mjane, mwenye desturi moja iliyomtia Punguza wazimu. Alitaja bei mara moja. Mteja akisema ni kubwa, Fundi alisema sawa na kuendelea kupiga misumari. Hakuudhika, hakubembeleza, hakuita mtu arudi. Mteja akirudi kesho, bei ilikuwa ile ile. Punguza alimwambia mara mia kwamba hivyo sivyo watu wanavyoishi. Fundi alimsikiliza mara zote mia.

Basi Jumatatu ya wiki hiyo, saa sita mchana, Fundi aliingia dukani kwa mlango wa mbele kama mgeni. Alikuwa amenawa mikono. Kwa miaka tisa hakuwahi kunawa gundi kabla ya jioni, kwa hiyo Punguza alijua kuna kitu. Fundi alisema kaka yake amefungua karakana kubwa katika mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa gari, anamtaka akasimamie mafundi. Lori litakuja Jumamosi saa kumi. Halafu akasema, bila kupandisha wala kushusha sauti:

"Kaka anataka jibu leo. Ukisema nibaki, nabaki."

Punguza alisikia vizuri. Moyo ulimruka vile vile unavyomruka akiona meza ya mninga chini ya magunia, kwenye ua wa mtu asiyejua alichonacho. Na mtu mwenye akili akiona meza kama hiyo hufanya nini? Huangalia pembeni.

"Kaka yako ana bahati," alisema. "Ukiondoka niachie funguo za nyuma."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Akasema sawa, akatoka.

Punguza alimngoja arudi. Jumanne hakurudi. Jumatano alizungumza kuhusu sponji. Alhamisi alimaliza makochi ya watu yote yaliyokuwa yamebaki, akayapeleka kwa wenyewe. Punguza alijiambia kwamba huyu mtu, kumbe, ni mgumu kuliko alivyodhani. Anakaza, basi na yeye atakaza. Ijumaa alikosa usingizi, akala wali wa jana akiwa amesimama. Na sasa ilikuwa Jumamosi, na skrubu zilikuwa zinalia ndani ya kopo.

Saa tano mdogo wake aliingia. Alikuwa nesi wa wodi ya watoto, mwanamke wa maneno mengi, mwenye uwezo wa kulia kwa furaha, kwa huzuni na kwa tangazo la sabuni.

"Dada, vaa viatu vya maana," alisema. "Tunakwenda kuangalia sofa yako."

Hapa lazima nieleze habari ya sofa. Mwaka uliotangulia, watu wa filamu walikuja dukani wakitafuta sofa ya kijani ya kukodi. Punguza alikuwa nayo moja, ya viti vitatu, mguu mmoja ulikuwa umevunjika alipoinunua, na Fundi alikuwa ameivalisha mahameli upya kwa siku nne. Aliikodisha kwa masharti aliyoyaandika kwa mkono wake: hakuna viatu juu yake, hakuna mnyama, hakuna kitu cha maji. Ilirudi ikiwa safi. Ilirudi safi mno, kwa kweli. Mto wa katikati ulikuwa na zipu upande wa kushoto, na Fundi hajawahi kutia zipu kushoto tangu azaliwe. Watu wa filamu waliapa. Punguza akawaacha, lakini hakusahau. Kisha wiki hii, filamu ilipofika ukumbini, mdogo wake alikwenda kuiangalia, akampigia simu huku akicheka hadi akakosa pumzi, akamwambia kwamba kuna mtu anamwaga supu ya nyanya juu ya sofa. Bakuli zima.

"Nikiiona hiyo supu kwa macho yangu," Punguza alisema akitafuta viatu, "nitajua la kuwafanya."

Lakini si supu iliyomtoa. Onyesho lingeanza saa nane na kwisha karibu na saa kumi. Akirudi, lori litakuwa limeshaondoka, chumba cha nyuma kitakuwa kitupu, na yeye atachukua ufagio. Hivyo ndivyo alivyopanga. Alimwachia muuza vioo wa jirani duka, akapita mbele ya mlango wa karakana bila kutazama ndani.

Ukumbi wa sinema ulikuwa na viti vyekundu. Punguza alibonyeza chake kwa kidole gumba kabla ya kukaa, akatangaza kwamba waliowauzia sponji hii waliwaona wajinga. Akaketi. Akahamia kiti cha pili ili awe karibu na njia. Akarudi cha kwanza kwa sababu cha pili kilikuwa na springi inayomchoma, halafu akaenda msalani, akarudi, akauliza saa ngapi.

"Nane na dakika tano," alisema mdogo wake. "Dada, umekalia siafu?"

"Hizi filamu za mapenzi zinachukua muda gani?"

"Saa moja na nusu na ushee. Kula bisi."

Punguza alizijua filamu za mapenzi. Alikuwa ameona moja zamani, wakati wa ndoa. Msichana anajikwaa, mvulana anamdaka. Mvua inanyesha. Mtu anafikiri mambo yasiyokuwepo kwa saa nzima, halafu mtu anakimbia kuwahi ndege. Alikuwa tayari kutazama mito ya sofa tu, na watu waliokuwa juu yake wafanye watakavyo.

Taa zikazimwa. Sofa ikatokea, kijani kibichi, kubwa kuliko ukuta wa duka lake, na kwa sekunde kadhaa Punguza aliona mshono wa Fundi kwenye mkono wa kulia, ule wa pindo la mara mbili ambao hakuna mtu mwingine anayejisumbua kuushona. Kisha mwanamke mmoja kwenye skrini, mpishi wa keki, akiwa bado na unga kwenye nyusi, akamwambia mwanamume aliyekuwa mbele yake:

"Friji nachukua mimi."

Punguza akakaa wima.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mpishi wa keki na mwalimu wa kuogelea walikuwa wamekaa pamoja miaka minne kwenye nyumba ya kupanga, wamegombana, wanaachana, na mwenye nyumba anataka watoke mwisho wa mwezi. Kazi iliyobaki ni kugawana vitu. Hapakuwa na aliyejikwaa. Hapakuwa na mvua. Palikuwa na watu wawili wazima na kilo nyingi za vyombo, wakipatana. Friji kwa kitanda. Kabati kwa pazia na feni. Masufuria mawili kwa blenda, na blenda haina kifuniko, na yule mwanamke anajua haina kifuniko ila anaiinua juu ya macho ya mwenzake ili kifuniko kisitafutwe.

"Ala," Punguza alinong'ona. "Huyu anajua."

Na kweli alijua. Aliyeandika filamu ile, kwa vyovyote vile, alikuwa amewahi kuuza kitu maishani mwake na kuumia. Wakafika kwenye sofa. Mwalimu wa kuogelea akasema, taratibu, vingine vyote achukue yeye, lakini sofa anaiomba. Mpishi akaicheka sofa. Ilikuwa imebonyea, alisema. Ilikuwa na harufu ya klorini ya mtu fulani. Rangi yenyewe kama ya hospitali. Mtu mzima ana haja gani nayo?

"Anaitaka," alisema Punguza, si kwa kunong'ona tena. Mtu wa mbele akageuka.

Kamera ikashuka. Chini, ambako mwalimu wa kuogelea hawezi kuona, mguu wa mpishi ulikuwa umejizungusha kwenye mguu wa sofa kama mzabibu.

Ukumbi mzima ulicheka, lakini kicheko cha Punguza kilitangulia. Kilimtoka ghafla, kikubwa, kicheko cha sokoni, na mdogo wake alishtuka hadi bisi zikamwagika. Wiki nzima hakuwa amecheka. Alifuta macho kwa kiganja, akasogea mbele ya kiti, akaweka viwiko juu ya magoti. Hakuuliza saa ngapi. Kila mara mpishi alipotoa hila mpya, Punguza aliitambua kabla haijatoka mdomoni, akampiga mdogo wake begani: sasa atajifanya amepata mnunuzi mwingine, sasa atasema hana haraka. Hila zilikuja vile vile, na kila moja ilikuwa inachekesha zaidi, kwa kuwa mwalimu wa kuogelea hakuona hata moja. Alikuwa akibeba maboksi yake nje, moja moja, kwa adabu. Akiambiwa kuna mtu mwingine anayeitaka sofa, anasema vizuri. Akiambiwa sofa haina thamani, anasema pole. Mpishi anabaki katikati ya sebule akiwa na ushindi wote na hakuna wa kumshinda.

Nyuma ya Punguza alikaa bibi mmoja na mwenzake, watu wa kuangalia filamu kama wanaangalia majirani. Bibi alikuwa na jambo la kusema kila baada ya dakika tano. Sasa mpishi alikuwa dirishani, akimtazama mwalimu wa kuogelea akifunga boksi la mwisho, akiwa na uhakika kwamba mtu huyo atageuka na kuomba tena.

"Mwanamke huyu mjinga," alisema bibi.

"Anamngoja abembeleze," alisema mwenzake.

"Abembeleze nini? Mwenzake kaomba, kanyimwa, anakwenda zake. Si mtu wa kupatana naye bei yule. Ugumu uko wapi hapo?"

Punguza aligeuka nusu, akiwa na jibu mdomoni. Alitaka kumwambia bibi kwamba mambo hayaendi hivyo, kwamba anayetaka kitu kweli hurudi mara ya pili, kwamba mtu haombi mara moja tu kama anayepiga chafya. Mtu gani anataja bei mara moja?

Mmoja alikuwa anamjua. Akabaki amemkodolea macho bibi wa watu, ambaye alimkaribisha karanga.

Alirudi kutazama mbele. Watu walikuwa bado wanacheka. Kitu kilichokuwa kinawachekesha, aliona sasa, si hila za mpishi hata kidogo. Hila zilikuwa nzuri. Kilichowachekesha ni kwamba kila mtu ukumbini, hadi mtoto wa darasa la pili, alikuwa anajua kuwa mwanamume yule hapatani bei, isipokuwa mtu mmoja, yule aliyekaa naye miaka minne.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Tisa na robo. Nyamaza, hapa ndipo panapokuwa patamu."

"Nakwenda."

"Unakwenda wapi? Dada, bado hawajapatana. Bado nusu saa."

"Utanihadithia." Alikuwa ameshasimama, anatafuta mkoba chini ya kiti kwa mguu.

"Na supu? Umeiona supu, angalau?"

"Supu gani?"

Mdogo wake alimtazama kwa mwanga wa skrini. Supu ilikuwa imemwagwa dakika ishirini zilizopita, bakuli zima, juu ya mto wa katikati kabisa, na Punguza alikuwa amecheka hadi akashika mbavu.

Nje jua lilimpiga usoni. Mwenye pikipiki alitaja nauli, akajiandaa kwa vita, na vita haikuja. Abiria alikuwa ameshapanda. Mwenye pikipiki alipoona hivyo alidhani amembeba mtu anayewahi msiba, akaendesha kwa heshima, taratibu, mpaka Punguza akamwambia kwamba kama angetaka kutembea angetembea. Taa nyekundu ya kwanza aliivumilia. Ya pili aliihesabu. Ya tatu alishuka, akatembea hatua kumi mbele, akapanda tena taa ilipowaka kijani. Kichwani alikuwa anapanga maneno, na kila neno alilolipanga lilikuwa na mlango wa kutorokea. Angeweza kusema karakana haijapata mtu mwingine. Angeweza kusema kuna makochi ya hoteli yanakuja. Alijua mwenyewe kwamba hakuna hoteli.

Lori lilikuwa kwenye kichochoro cha nyuma, injini imezimwa, saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Kaka yake Fundi, mtu mnene mwenye leso shingoni, alikuwa ameegemea mlango wa dereva akila chungwa. Fundi alikuwa juu, kati ya meza aliyoifungua na marobota ya sponji, anakaza kamba kwenye cherehani ya chuma.

"Mji ule una unyevu," alisema Punguza. Hayo ndiyo maneno aliyotoa, baada ya safari yote ile. "Mbao zinavimba."

"Nimesikia," alisema Fundi.

"Na umeme wao ni wa kubahatisha."

"Ndiyo."

"Na wateja wa kule hawalipii mahameli. Wanataka plastiki."

Fundi alikaza fundo. Punguza alijisikia akitafuta kasoro nyingine, akaipata, ilikuwa nzuri, kuhusu panya, akaiacha.

"Fundi, shuka kwanza."

Akashuka. Walisimama karibu na gurudumu la nyuma. Kaka mtu akaacha kutafuna.

"Jumatatu uliniuliza kitu," alisema Punguza.

"Sikuuliza. Nilisema."

"Ulisema. Mimi nikakujibu vibaya."

"Ulijibu vizuri tu. Nilisikia."

"Hukusikia jibu. Ulisikia bei ya kuanzia."

Fundi alimtazama kama anavyotazama kochi lililoletwa na mtu anayedai halina tatizo.

"Mimi sikujua kama tunapatana bei," alisema.

Alilisema bila kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma. Punguza aliona siku zote sita, Jumatatu hadi leo, alivyosimama ndani ya duka lake amekaza uso, akishindana na mtu ambaye hakuwepo. Mikono ilimwasha kutaka kushika kitu, kufuta kitu. Akaishika kwenye mkoba.

"Basi nasema mara moja," alisema. "Sitaki uende. Si kwa ajili ya makochi. Wa kushona makochi nitampata. Atakuwa mbovu, lakini nitampata. Nataka ukae hapa. Unywe chai yako hapa, uzeeke hapa, ukinuna ununie hapa hapa nikuone. Na ukitaka tukaandikishe ndoa, tukaandikishe. Ndiyo hayo. Sina mengine."

Ilikuwa ajabu kutaja kila kitu na kubaki mikono mitupu. Hakuwa amewahi kufanya hivyo, hata kwa kijiko. Fundi alijifuta viganja kwenye suruali, cha kulia, cha kushoto, tena cha kulia.

"Nimeshampa kaka neno langu," alisema.

Punguza alielewa mara moja. Mtu anayesema mara moja kwake, amesema mara moja kwa kaka yake pia. Angekuwa mtu wa kugeukageuka, angekuwa amembakisha sasa hivi. Na angekuwa mtu wa kugeukageuka, asingemtaka. Hapo pangekuwa mwisho wa habari kwa mwanamke mwingine. Lakini Punguza alikuwa ameshageuza shingo kumtazama kaka mtu, na leso yake, na chungwa lake, na kumbe hapo palikuwa na mtu ambaye alijua hasa namna ya kuzungumza naye.

"Kaka," alisema. "Njoo kivulini."

"Nilijua zamu yangu inakuja, shemeji."

"Usiniite shemeji kabla hatujaelewana. Unamtaka wa nini?"

Kaka mtu alieleza. Ana mafundi sita. Wana nguvu kama ng'ombe na hakuna hata mmoja anayejua kukaza springi. Makochi yao yanatoa sauti kama bata. Bila mdogo wake, karakana inakufa. Anamhitaji mwaka mzima, kwa uchache.

"Kukaza springi kunafundishwa wiki moja," alisema Punguza.

"Kwa watu wenye akili. Hawa niliwaajiri kwa mabega. Miezi minane."

"Wiki mbili, na mabega yao utabaki nayo."

"Shemeji, umemwona mtu akijifunza kukata kitambaa kwa wiki mbili? Atakata na vidole. Miezi sita."

Kaka mtu alikuwa anafurahia. Ilionekana damu ya familia yote ya kupatana bei ilikuwa imekwenda kwake. Punguza naye alikuwa amepata pumzi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi miguu yake ilikuwa imetulia mahali pamoja. Alikuwa anakaribia kumwambia kuhusu panya.

"Mwezi mmoja," alisema Fundi.

Wote wawili waligeuka. Walikuwa wamemsahau.

"Nitawafundisha mwezi mmoja," alisema. "Nitakuwa nimetimiza. Halafu narudi."

Kaka mtu alikuwa amemjua mdogo wake tangu akitambaa. Akatupa ganda la chungwa, akasema atawasha gari. Punguza alibaki. Ulimi ulikuwa umeshasogea wenyewe, na neno lilikuwa limefika kwenye meno: wiki tatu. Ni neno dogo, na mtu hapotezi kitu kwa kuuliza. Mwezi mzima wa asubuhi, na mlango wa nyuma umefungwa, na yeye anafuta meza. Alilishika hapo kwenye meno mpaka likalegea.

"Sawa," alisema.

Fundi alipanda tena juu ya lori, akaifungua kamba ya cherehani, akasema kule wanazo nyingine. Waliishusha pamoja. Ilikuwa ya chuma kitupu, na Punguza, ambaye alirudi nayo kinyumenyume hadi ndani ya chumba cha nyuma, alimwelekeza Fundi njia yote, ingawa Fundi ndiye aliyekuwa anaona. Waliiweka pale ilipokuwa. Akaisogeza kidogo kushoto. Akairudisha. Nje injini ilikuwa inanguruma.

"Mwezi huu una siku thelathini na moja," alisema. Hakuwa anapatana. Alikuwa anasema tu, kwa kuwa alikuwa ameitazama kalenda wiki nzima na ilikuwa ndiyo idadi iliyopo.

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama, mkono juu ya fremu, akitazama chini kama mtu anayepima kitambaa kwa macho.

"Thelathini basi," alisema, akaenda kupanda lori.